Jiko la Ngoma

Chuo kile nilikichora mara saba. Hakikuwa kigumu kuchora; tatizo ni kwamba kila aliyeketi kwenye kamati alikuwa na lake, na mimi nilikuwa mtu wa kusema sawa. Mmoja akitaka ukumbi uangalie mlima, sawa. Mwezi unaofuata mwingine akitaka uangalie barabara ili wageni wauone tangu wanapopinda kona, sawa. Ningekuwa na umri wa sasa ningewaambia wachore wenyewe. Wakati ule nilikuwa na kodi ya chumba na watoto wawili sekondari, na sikuwa na ubavu wa kumkatalia mtu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimepunguzwa kazi. Nilikuwa mchora ramani serikalini kwa miaka kumi na minne, nikichora zahanati na nyumba za walimu, zote za sura moja, kiasi kwamba ningeweza kuzichora nimefumba macho. Siku moja tuliitwa tukasomewa majina, na jina langu lilikuwamo. Wenzangu wengi walikwenda kuuza mitumba. Mimi nilipanga chumba Ngarenaro juu ya karakana ya kuchomelea mageti, nikapandisha meza yangu ya kuchorea kwa ngazi ya nje, tukisukumana nayo mimi na mume wangu mpaka tukagombana. Kila wale wa chini walipowasha mashine yao, taa yangu ilififia, nami nikaweka kalamu chini nikasubiri.

Kazi zilizonijia zilikuwa fremu. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu Arusha alitaka fremu za maduka. Nyumba iliyokuwa na ua na maua mbele ilikatwa uso ikawa fremu nne, na nyuma yake fremu mbili za kupangisha saluni. Nilichora fremu mpaka nikachukia mistari iliyonyooka.

Ndipo ikaja kazi ya chuo. Kilikuwa chuo cha muziki na ngoma, cha vijana waliomaliza shule wakakosa pa kwenda, na kilitakiwa kujengwa kwenye mteremko wa Meru, juu ya mji, katika shamba lililokuwa la kahawa kabla bei haijaanguka na watu kung'oa mibuni wakapanda maharage. Wafadhili walikuwa nje ya nchi. Waliosimamia walikuwa kamati ya watu wa hapa hapa, na mwenyekiti wao alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Kilimanjaro, mzee wa kanisa, mtu wa maneno masafi na viatu visafi, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Sina kinyongo naye. Alinipa kazi siku ambazo hakuna mwingine aliyenikumbuka.

Mtu mwingine wa kumjua ni mzee wa ngoma. Kwao ni Kondoa, lakini alikuwa ameishi Ngarenaro tangu ujana wake, barabara mbili kutoka chumba changu. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa mpigaji katika kikundi cha ngoma cha kiwanda kimoja cha umma. Zamani viwanda vilikuwa na vikundi hivyo. Mtu aliajiriwa kama fundi wa mashine, lakini kazi yake hasa ilikuwa kupiga ngoma kila kiongozi alipokuja. Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya aliuliza zile ngoma zinazalisha nini. Basi, hadithi ikaishia hapo.

Kamati ilikuwa imemchukua mzee kwa majaribio. Aliwafundisha wanafunzi wa kwanza katika darasa la kuazima mjini, huku chuo kikijengwa. Makubaliano yalijulikana kwa wote: siku ya ufunguzi wafadhili watakuja, watatazama, kisha wataamua kama ngoma iwe na mwalimu wa kudumu au la. Nafasi yake yote ilining'inia kwenye asubuhi ile moja.

"Hii ndiyo ya mwisho, Injinia," aliniambia. "Nikitoka hapa nakwenda kuhesabiwa na kuku wa mke wangu."

Nilimwambia mimi si injinia, ni mchora ramani tu. Akasema yeye hana haja na cheti changu. Hakuwa mtu mpole. Aligombana na wanafunzi, na wauza ngozi, na mwadhini aliyekuwa akichelewa dakika mbili. Lakini kazi yake aliijua, na mtu anayejua kazi yake ukikaa naye unapumzika hata akikutukana.

Mara ya kwanza nilipompeleka kiwanjani ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Meru imeshika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilimfungulia ramani juu ya boneti ya gari la mwenyekiti. Hakuitazama. Aliuliza, "Moto uko wapi?"

"Jiko liko huku chini, Mzee, nyuma ya bweni. Moshi usiwasumbue wanafunzi."

"Sijauliza ugali. Nimeuliza moto wa ngoma."

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyumba isiyo na mlango.

Jumamosi iliyofuata alinipeleka nyumbani kwake, uani, anionyeshe. Alikusanya majani makavu ya migomba na mabua ya mahindi akayawasha. Mkaa haufai, alisema, mkaa unakausha ukingo na kuacha kati. Unataka mwali mwepesi unaopita. Akainamisha ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe mbele ya mwali, akaizungusha taratibu, akiipapasa kwa kiganja kama mama anayeangalia homa ya mtoto. Kila baada ya muda aliigonga kwa kidole. Mwanzoni ilitoa sauti ya gunia. Kisha ikaanza kuitika. Kisha akaipiga mara moja tu, na mke wake aliyekuwa anachambua mchele akainua kichwa.

"Sasa imeamka," akasema. "Kule juu kwenu, kwenye ule ukungu, italala tena kabla hujafunga vifungo vya koti."

Tulirudi kiwanjani kupima. Nadhani hakuna ramani nyingine Tanzania hii iliyopimwa hivyo. Aliwasha moto penye kisiki cha mbuni, akaipasha ngoma, akaitundika begani akaanza kutembea akiipiga, nami nikimfuata na vigingi mkononi, nikihesabu hatua. Ilipofika hatua ya kumi na tano sauti ikashuka. Hata mimi niliisikia. "Hapo," akasema, nikapigilia kigingi. Tulirudia mara tatu, mara ya mwisho kukiwa na manyunyu, na hatukuvuka kumi na saba.

Kwa hiyo niliandika kwenye daftari: hatua kumi na tano. Nikarudi Ngarenaro nikatupa michoro yote ya nyuma. Nilianza na jiko la ngoma. Nililiweka katikati, ukuta mfupi wa mawe wa nusu duara unaokinga upepo wa mlimani, paa la bati lililoinuliwa juu ili moshi utoke, benchi la mawe la kuzunguka. Ukumbi nikauleta karibu, mlango wake mpana ukitazama moto. Vyumba vya mazoezi vikazunguka upande wa pili. Hakuna mlango wa ngoma uliozidi hatua kumi na tano. Kwa mara ya kwanza tangu nipunguzwe kazi nilisahau kula mchana kwa raha, si kwa kukosa. Mashine za chini zilinguruma, taa ikafifia, nami nikaendelea kuchora kwa mwanga wa dirisha. Nilifurahi, na nasema hivyo waziwazi kwa kuwa haikutokea mara nyingi.

Mzee alipoiona aliweka kidole chake juu ya lile duara, akakiacha hapo. "Hiki chuo," akasema. Ndizo sifa pekee alizowahi kunipa.

Kamati ilikutana mwezi wa nane, bila yeye. Mwalimu wa majaribio haitwi kwenye kamati. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akauliza lile duara ni nini. Nikaeleza.

"Mama," akasema kwa upole, "tunajenga chuo, hatujengi matanga. Wageni watoke kote huko waje wakute watu wamekaa kwenye moshi?"

Wengine wakacheka. Mmoja akasema wazungu hawatataka kuona moto karibu na dari. Na dari, niseme kweli, lilikuwa limeongezwa na mwenyekiti: dari la mbao laini na madirisha makubwa ya vioo, vitu vilivyojaa dukani kwake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini hakuwa mwizi. Aliamini kabisa kwamba kioo ndiyo maendeleo na moshi ndio umaskini, kama tulivyoamini wengi wetu miaka ile.

Mwakilishi wa wafadhili, mama mmoja wa makamo, alikuwapo siku hiyo. Yeye hakucheka. Alinigeukia akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu kama moto unaweza kuwa mbali kidogo, au ni lazima uwe pale.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Niliulizwa swali lile lile nililokuwa na jibu lake kwenye daftari. Nilikuwa na vigingi, nilikuwa na hatua kumi na tano, ningeweza kumwambia mama yule twende kiwanjani nikuonyeshe. Lakini ilikuwa saa nane na nusu, tumekaa tangu asubuhi, na nilikuwa nimechoka kwa uchovu ambao usingizi hauondoi. Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa ameshaanza kukunja ramani.

"Unaweza kusogezwa," nikasema.

Wakausogeza mpaka jikoni, chini, nyuma ya bweni, kule kule ulikoanzia. Nikarudi chumbani, nikatandaza karatasi mezani, nikachukua wembe. Wino ukishakauka haufutiki kwa kifutio. Unaukwangua kwa wembe, polepole, usitoboe karatasi. Ilinichukua alasiri nzima.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na pengine lingesameheka. Majengo yote duniani yamejaa vitu vilivyokwanguliwa.

Kosa la pili nililifanya baada ya kuta kufika usawa wa madirisha. Mzee alikuja kiwanjani, akazunguka ukumbi mara mbili, akanifuata nilipokuwa nasimamia mafundi.

"Jiko halijaanza?"

Maneno yalinitoka kabla sijayapanga. "Hilo ni awamu ya pili, Mzee. Wamalize ukumbi kwanza, ndipo waashi wa mawe waingie."

"Kabla ya ufunguzi?"

"Kabla ya ufunguzi."

Siku zile kila kitu kilikuwa na awamu ya pili. Uzio, kisima, choo cha wasichana, vyote vilikuwa awamu ya pili. Ni mahali tulipopeleka kila tusichotaka kukikataa usoni. Mtu wa ofisini angesikia neno lile angejua maana yake na kuinamisha kichwa. Mzee hakuwa mtu wa ofisini. Alisema "Haya," akaenda zake kununua ngozi.

Aliniuliza tena mwezi wa kwanza, tukikutana njiani. Nikasema waashi wanasubiri mawe. Aliniuliza mwezi wa nne, baada ya Idi, aliponiletea sahani ya pilau iliyofunikwa na sahani nyingine. Nikasema mvua imewachelewesha. Pilau ile niliila. Baada ya hapo nikawa napita barabara ya nyuma, ya mafundi seremala, ili nisipite mlangoni kwake. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mama wa watoto wawili, najificha kwa mzee wa ngoma kama mtoto aliyevunja chungu. Nilikuwa najiambia nitamweleza wiki ijayo.

Miezi miwili ya mwisho kiwanja kilifungwa kwa ajili ya rangi na sakafu, hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga. Wanafunzi waliendelea kufanya mazoezi mjini, kwenye darasa la kuazima lenye uwanja mkavu, na nilisikia wanapendeza.

Ufunguzi ulikuwa mwezi wa saba. Asubuhi ile huwezi kuuona mlima. Huwezi kuuona hata mgomba wa jirani. Nilivaa gauni jipya nikakaa safu ya pili. Mzee alifika na wanafunzi kwenye pikapu, ngoma zimefunikwa kwa mablanketi. Kupitia vioo vile vikubwa nilimwona akishuka, akizunguka ukumbi upande huu, akitokea upande ule. Akasimama. Akageuka polepole akitazama chini, kama mtu aliyeangusha kitu. Kisha akaona moshi wa jikoni kule nyuma ya bweni, akaanza kuteremka.

Jikoni walikuwa wanapika chakula cha wageni, masufuria sita juu ya mafiga. Nilisimuliwa baadaye kwamba wapishi walimpa kona moja. Alipasha ngoma kubwa, akavua koti lake akaifunika, na wanafunzi wawili wakaipandisha mlima mbio. Nilizihesabu hatua zile baadaye. Zilikuwa mia mbili na arobaini.

Alipiga. Ngoma ikatoa sauti ya gunia. Wachezaji waliokuwa wamejipanga mlangoni walitazamana, kwa sababu ngoma ndiyo inayowaambia waingie, na haikuwa imewaambia kitu. Akabadilisha, akachukua ndogo. Nayo ilikuwa imelala. Wanafunzi walishuka tena na kupanda tena, wakihema, matope mpaka magotini, wakipita mbele ya wageni na mablanketi yao. Wageni walitabasamu kwa adabu. Mwenyekiti akainuka, akamnong'oneza mwalimu wa kinanda. Kinanda kile cha umeme kilikuwa na midundo ya tayari ndani yake, unabonyeza tu. Alibonyeza. Spika zikajaa ukumbi, wachezaji wakaingia, wakacheza vizuri sana, watu wakapiga makofi.

Mzee hakuondoka. Aliendelea kupiga ngoma yake hadi mwisho, pembeni, bila koti, mikono ikienda na hakuna aliyesikia kitu. Mimi nilimtazama muda wote. Nilitaka atazame upande wangu, na niliogopa atatazama. Hakutazama.

Mwezi uliofuata kamati ilipata barua ya wafadhili. Ilisema ngoma za asili zina thamani kubwa lakini hazina sauti ya kutosha kwa ukumbi wa kisasa, na kwamba mwalimu wa ngoma aitwe pale tu anapohitajika. Mwaka ule alihitajika mara mbili. Mwaka uliofuata hakuitwa.

Mimi nilipata kazi nyingine kwa sababu ya chuo kile, nikawa na fundi wa kunisaidia, nikahamia chumba kisicho na karakana chini, mtaa ule ule. Watu walisema nimetoboa. Ilinichukua miaka miwili kwenda barabara mbili tu, mpaka kwa mzee.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, amezungukwa na vingoma vidogo vya kuuzia watalii, urefu wa kikombe, vimepakwa milia ya pundamilia. Hakuna anayevipiga, vinawekwa kabatini Ulaya huko.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umepotea, Injinia."

Nilikaa nikamwambia. Nilimwambia juu ya kamati, na yule mama aliyeniuliza swali, na jibu langu, na wembe. Nilimwambia kwamba awamu ya pili haikuwahi kuwapo, kwamba nilijua tangu mwezi wa nane wa mwaka ule na nikawa namdanganya kila aliponiuliza. Nililia kidogo. Alingoja nimalize, akiendelea kukaza kamba ya kingoma.

"Kwa hiyo walikataa," akasema.

"Walikataa, Mzee. Na mimi sikuwapinga."

"Wangekataa tu. Wale ni watu wa vioo." Akakata kamba kwa meno. "Mimi nilifikiri waashi ndio wamekuangusha. Miaka miwili nawalaani waashi."

Nilijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ungeniambia," akasema. Hakupaza sauti, ningependa angepaza. "Ungeniambia walikataa, ningekwenda siku moja kabla ya ufunguzi na wanafunzi. Nguzo sita, majani ya migomba, pale pale ubavuni mwa ukumbi. Kibanda cha moto. Wageni wakiondoka nakibomoa, hata mwenyekiti asingejua kilikuwa cha nini. Kazi ya siku moja, Injinia."

Akaweka kingoma chini pamoja na vingine, akachukua kingine.

Siku moja ingemtosha. Mimi nilikuwa nimemnyima miezi kumi na mmoja.